Viti Viwili, Ukoo Mzima

Ukisimama Kanduyi alfajiri utaiona Probox ikielekea Chwele na watu tisa ndani, kuku hawajahesabiwa. Wawili wamegawana kiti cha dereva, na mmoja kati yao ndiye dereva, ingawa kwa mbali huwezi kujua ni yupi. Hicho ndicho kipimo cha gari huku kwetu. Hakuna anayeuliza linakimbia vipi. Swali ni linabeba wangapi. Kwa hiyo mtu anayejitosa kufufua Datsun 240Z, gari ambalo Wajapani waliliundia watu wawili tu, tena wawili wasio na matumbo, amejitafutia kesi na ukoo hata kabla hajashika bisibisi.

Hili langu ni la mwaka 1972. Lilikuwa la marehemu mjomba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye na kulinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Mjomba hakuwa na haja ya usafiri, baiskeli ilimtosha. Aliponzwa na redio. Pasaka ya mwaka 1971 Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, ameshinda mbio za Safari pamoja na Hans Schüller wakiwa ndani ya 240Z, na aliyewafuata, Shekhar Mehta, naye alikuwa ndani ya 240Z. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia, akashinda yeye na Lofty Drews. Ushindi huo ulikuwa wa ajabu. Mehta na Mswidi Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa, ikabidi ushindi apewe Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Mjomba aliigeuza kanuni hiyo kuwa sheria ya nyumbani kwake. Watoto wawili wakigombana, hakuuliza nani alianza. Aliuliza nani amekaa siku nyingi zaidi bila kosa. Binamu zangu wamekua na uchungu na Mehta ambaye hawakuwahi kumwona.

Gari lilipokataa kuwaka, mjomba aliliegesha chini ya mwembe na kulisahau kwa heshima. Nilipokwenda kuliomba, mkazamjomba hakuwa na kinyongo.

"Chukua tu, mpwa wangu," alisema. "Ila mwenyewe yuko ndani."

Mwenyewe alikuwa kuku wa kienyeji aliyelalia mayai kwenye kiti cha abiria. Alinitazama kupitia dirishani bila hofu yoyote, kwa jicho moja. Kuku hulalia siku 21, na mkazamjomba hakutaka kusikia habari ya kumhamisha, maana kuku akishtuliwa huyasusa mayai. Tukangoja. Vifaranga walipotoka, mama yao aliwavusha juu ya kile kituta kinachofunika gia, akawapangisha upande wa dereva. Mkazamjomba akasema sasa ninaweza kuondoka na gari, mradi nijenge banda, kwa kuwa kuku wake hawajazoea kulala nje. Hivi ndivyo gharama ya kwanza ya kukarabati gari la mashindano ilivyokuwa mabati, misumari, wavu na komeo la mlango.

Likaja kwangu Kitale juu ya lori. Nikaanza kulivua.

Ndani ya 240Z karibu kila kitu ni leza nyeusi, yaani ngozi bandia, na plastiki nyeusi, jambo la busara sana huko Yokohama. Jua letu halikuafikiana nalo. Dashibodi, ambayo ni ngozi nyembamba ya plastiki juu ya sponji, ilikuwa imepasuka kuanzia juu ya geji hadi upande wa abiria, na ndani ya mipasuko kulikuwa na mbegu za mahindi zilizojaribu kuota. Panya walikuwa wameimaliza sponji ya kiti cha kushoto na kuiacha ya kulia, kwa sababu wanazozijua wao. Chini ya kapeti niliokota ndururu, maganda ya mayai, kifuniko cha tochi na barua ya mjomba ya kuomba mkopo, isiyopelekwa.

Kitale haina haraka ya kukausha kitu. Kuanzia Aprili mvua hunyesha karibu kila alasiri, na baraza langu linavuja, kwa hiyo viti viliingia sebuleni. Mke wangu alivumilia kwa sharti kwamba vifunikwe vitambaa alivyofuma, sawa na makochi mengine. Sasa kiti cha 240Z kiko chini sana. Kimekusudiwa mtu anyooshe miguu mbele hadi kwenye klachi. Jumapili moja mzee wa kanisa akakiona kile kitambaa kizuri, akakaa. Alizama. Magoti yakapanda usawa wa kidevu. Alikuwa mtu wa staha, kwa hiyo hakusema neno; aliendelea na habari za harambee ya paa kana kwamba ameamua mwenyewe kuzungumza akiwa huko chini. Chai ilipokuja ilibidi akabidhiwe kutoka juu. Wakati wa sala ya kufunga, wote tukasimama isipokuwa yeye, akaomba akiwa amekaa, na sala ikawa ndefu kwa sababu alikuwa akipanga namna ya kutoka. Tulimvuta watu wawili. Mchango wangu wa paa ulipandishwa palepale na sikuwa na ubavu wa kupinga.

Kazi ngumu kuliko zote ni mshono wa almasi. Gari hili, kituta cha gia na mabega ya magurudumu ya nyuma hufunikwa leza yenye vijimraba vya kuegemea pembe, vilivyotuna kwa sponji nyembamba. Mafundi wa viti wa Kitale niliowauliza walinionyesha miraba ya kawaida, mistari ya kawaida na nembo ya Arsenal. Nikaelekezwa Bungoma, kwa fundi ambaye sifa zake zilikuwa zimevuka kaunti. Nilipofika nikakuta almasi kila mahali, safi, zimepangika, hakuna uzi uliokwenda kombo. Zilikuwa ndani ya majeneza.

Fundi akatoa daftari na, kwa mazoea, akauliza, "Mwenyewe ana urefu gani?"

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akaandika.

Nilipomweleza kwamba ni gari alifurahi, akalizunguka kwa mawazo na kutoa ushauri ambao nimeshausikia kwa kila mtu kuanzia shemeji hadi askari wa barabarani: hapa nyuma, Mwalimu, pana nafasi, nikuwekee benchi la watu watatu. Nikasema nyuma ni pa mizigo. Akasema hata watu ni mizigo. Nikakataa. Aliandika tena, na kutokana na muda aliotumia kuandika nilijua benchi halijafutwa.

Kuna jambo la jiografia ambalo mimi, mwalimu wa somo hilo, nililiona likitendeka kwenye kitambaa. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale takriban 1,900. Fundi alikuwa akianika leza juani mpaka inalegea, kisha anaivuta na kuikata ikiwa laini. Ikifika Kitale, kwa baridi ya Julai, inakakamaa na kukataa kufika kwenye pembe. Mfuniko wa kituta uliokaa vizuri sana Bungoma ulipungua Kitale upana wa vidole viwili. Nilimpigia simu. Akasema kipimo chake hakina kosa, gari ndilo limevimba. Hatimaye tulipatana: mimi niikalishe leza karibu na jiko la makaa kabla ya kuivalisha, yeye aache ukingo mpana. Hilo lilifanya kazi, isipokuwa kipande kimoja kilichokaa jikoni muda mrefu na kupata alama ya sufuria.

Viti vyenyewe vilisafiri kwa matatu. Kiti cha dereva kilipokamilika, konda aliniuliza kama kinalipiwa. Nikasema nimekilipia nauli kamili. "Basi hakiwezi kukaa bure," akasema, akakisimamisha kwenye ujia na kumuuzia abiria. Mpaka Webuye kilikaliwa na kijana wa chuo aliyelala fofofo. Kutoka Webuye akaingia mama mwenye gunia la omena, akakaa, akajiegemeza, akasema kwa sauti kwamba hiki ndicho kiti pekee humu kisicho na msumari, na kwamba wenye matatu wangefaa kuiga. Abiria wa nyuma wakaanza kunung'unika kwa nini wao hawana. Mama huyo alishukia Kiminini akinishukuru. Leza mpya, iliyoshonwa kwa uzi wa mara mbili, iliingia Kitale ikinuka omena, na mpaka leo siku ya joto huwa inakumbuka.

Dashibodi niliifanya mwenyewe. Kila ufa unachongwa uwe na umbo la V, unajazwa, unapigwa msasa hadi mkono usihisi kitu, kisha unapakwa gundi na kuvalishwa leza mpya. Ni kazi ya subira, na mimi huwa na nafasi jioni tu, baada ya kusahihisha. Nikapaka gundi usiku mmoja chini ya balbu, mvua ikiwa imetoka kukatika, madirisha wazi ili nisilewe na ile harufu. Mtu wa huku ameshajua kilichofuata. Kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu, wakaifuata taa, wakatua. Ndani ya muda mfupi dashibodi yote ilikuwa na mabawa. Watoto wa jirani walikuja na mabeseni, wakawakusanya waliokuwa sakafuni, na mmoja akataka kujua kama wale wa kwenye gundi wanaliwa. Wageni wetu kutoka Bungoma waliposimuliwa kisa hicho walisikitika kweli, wakatikisa vichwa, wakanipa pole. Nilipochunguza nikagundua pole zilikuwa za kumbikumbi. Kumbikumbi wengi namna hiyo, kuharibika hivihivi.

Nikakwangua, nikapaka upya asubuhi. Dashibodi imetokea nzuri. Kijana mmoja wa matatu aliikagua na kusema imebaki manyoya mekundu tu juu yake. Sikumjibu.

Sasa niseme la mama mkwe, kwa sababu ndilo lililoamua hatima ya gari. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawakai bega kwa bega. Kwenye Probox hakuna shida: yeye anawekwa nyuma kabisa, mimi mbele kabisa, na katikati tunapanga watu saba wa kulinda adabu. Lakini 240Z ina viti viwili, na kati yake hakuna kitu ila kigingi cha gia. Tulikuwa tumekwenda Bungoma, mke wangu na mimi, safari ya kwanza ya gari likiwa limevaa nguo zake zote. Tukamkuta mama mkwe Kanduyi, amejikinga mvua chini ya kibanda cha mpesa, akiwa na kikapu. Alikuwa akienda Kitale. Kwetu.

Hapakuwa na mjadala. Hakuna mila inayoruhusu aketi kando yangu, na hakuna ubinadamu unaoruhusu abaki pale. Mke wangu aliketi kwenye usukani. Mama mkwe akaingia upande wa abiria, mimi nikiwa nimegeukia ukuta kwa heshima, na nikamsikia akipapasa kile kituta cha gia, almasi moja baada ya nyingine.

"Mshono huu ninaufahamu," alisema taratibu. "Nani amefariki?"

Wakaondoka. Mimi nilipanda bodaboda mpaka Webuye, kisha matatu, kwenye ubao wa katikati. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa amekunywa chai na ametoa hukumu: gari ni zuri, linatulia barabarani, na litampeleka kanisani kila atakapokuja. Anakuja mara nyingi siku hizi. Mkazamjomba naye amesikia, na ametuma ujumbe kwamba kiti kile cha kushoto, kwa haki, ni cha kuku wake, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Kwa kanuni ya mjomba inabidi tuhesabu nani amekaa siku nyingi zaidi bila kosa, na katika hesabu hiyo mimi si wa kwanza.

Kilichobaki ni saa. Ile saa ya dashibodi ya 240Z inajulikana kwa wenye magari haya duniani kote kwa kusimama mapema na kutotaka kusikia tena habari ya kazi. Yangu imeganda saa nne na dakika kumi tangu enzi za mjomba. Mwenye nzima, au anayemjua aliye nayo kati ya Kitale na Malaba, aniletee, nitainunua kwa bei ya haki. Ila aje na nauli ya kurudia. Lifti hakuna.