Sifa za Seva Isiyofunguka

Intaneti ya kasi ina wapambe wake, na simu mpya zina wa kwao. Seva ya mafaili ya ofisini, ile inayokaa chini ya meza ya mhasibu ikipuliza vumbi, haijapata hata mmoja wa kuisemea. Leo nimejitolea.

Kwanza, ni ya ukoo. FTP, utaratibu inaoutumia kusafirisha mafaili, uliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT, Marekani, Aprili 1971, enzi ambazo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na hakuna aliyemwogopa mwenzake. Toleo linalofuatwa hadi leo ni la Oktoba 1985. Mwaka 2021 Chrome na Firefox ziliuondoa kabisa, nayo seva yetu ikaendelea kukaa chini ya meza kana kwamba haikusikia.

Pili, ina mapokezi. Piga hodi kwenye poti 21, unajibiwa papo hapo: 220, karibu. Taja jina: 331, lete neno la siri. Lilete: 230, umeingia. Ni kaunta gani ya umma inayokuhudumia hivyo? Halafu unaomba orodha ya mafaili, na hapo adabu yake inatimia. Haikatai, haifoki, haikwambii urudi kesho. Inanyamaza tu, wewe unatazama duara likizunguka kwenye skrini mpaka programu yenyewe inachoka.

Wasio na subira huita hiyo hitilafu. Hawajui kwamba FTP ina njia mbili, moja ya maneno na nyingine ya mizigo, na kwamba kuruhusiwa kwenye ya kwanza hakukupi haki yoyote kwenye ya pili. Kwa mtindo wa zamani, kompyuta yako inataja poti, kisha seva ndiyo inayoifuata ikitokea poti 20; faiwoli yako ikiona mgeni ambaye haikumwita, inamrudisha. Kwa mtindo wa pili, seva ndiyo inayokutajia mahali pa kuifuata, kwa namba sita: nne za anwani, mbili za poti. Mbili za mwisho zikiwa 195 na 80, unazidisha 195 kwa 256, unajumlisha 80, unapata 50,000. Nani mwingine pale ofisini anayewakumbusha watu wazima kuzidisha kabla ya chai ya saa nne?

Na ile anwani! Fundi aliyeifunga aliiagiza ijitambulishe kwa anwani ya nje, ili bosi aifikie akiwa safarini. Nayo ikatii, ikawa inajitambulisha hivyo kwa kila mtu. Dada wa masijala, aliyekaa hatua tatu kutoka ilipo, akiomba faili anaelekezwa alifuate huko nje, kwenye intaneti. Ombi lake linafika kwenye ruta, na ruta nyingi hazijui kumrudisha mtu ndani kwa mlango aliotokea. Basi linaishia hapo. Bosi aliyeko Dodoma analipata faili. Dada anayesikia feni ya seva ikivuma karibu naye halipati. Ndiyo, kuna kiboksi kimoja kwenye mipangilio cha kuiambia itumie anwani ya ndani kwa watu wa ndani. Wenye husuda wanakijua.

Nani pia atakana kwamba inatuunganisha? Idara zilizokuwa hazisalimiani husimama pamoja kuitazama. Mmoja anazima ruta na kuiwasha, maana hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Mwingine anaitumia ping, seva inajibu vizuri kabisa, na uchungu unaongezeka kwa kujua kwamba i hai. Wa tatu anagundua kwamba 192.168.1.14 iliyobandikwa ukutani si yake tena: umeme ulikatika usiku, ruta ilipowaka ikaipa 192.168.1.23. Wa nne yuko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambako ruta imeagizwa isimwonyeshe chochote cha ndani, naye ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tena haina unafiki. Maneno ya siri inayapitisha kwenye waya yakiwa wazi, mwenye programu ya kunasa ayasome kama tangazo.

Lakini sifa yake kuu ni ulinzi. Ripoti haijaandikwa? Iko kwenye seva, ila seva haifunguki. Bajeti hazilingani? Zile zilizolingana ziko kwenye seva. Flashi ingetuumbua mchana huohuo. Seva imetusitiri miaka yote hii bila kudai posho.

Ndiyo maana nasikia vibaya kuambiwa kwamba kijana mpya wa IT ameshakiona kile kiboksi. Namsihi, kwa heshima zote, asikiguse kabla ya tarehe 30. Ripoti ya robo mwaka bado ina kichwa cha habari tu.