Uji, Buibui na Jiko la Gesi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na katika nyumba nyingi za Kitete, mjini Tabora, jiko la gesi limekwisha kuingia ndani bila kulifukuza jiko la mkaa uani. Tofauti ya majiko hayo ni kwamba la mkaa hukung'utwa majivu likasamehe, ilhali la gesi huweka kinyongo.

Kinyongo hicho huonekana kwa rangi. Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, hutoka kwa kasi kwenye nozeli, yaani kitundu chembamba kilicho nyuma ya swichi, ikavuta hewa njiani. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu, na isipotosha huwa wa njano wenye kupaka sufuria masizi. Hapo wa kwanza kushtakiwa ni muuza mitungi, kwamba gesi yake imechakachuliwa, kumbe mkosaji ni uji wa ulezi, ambao mpishi akiuacha dakika mbili ili aitikie hodi (na hodi ya Kitete haiishi kwa dakika mbili) hufurika, ukashukia kwenye matundu ya kichomeo na kuganda humo kama saruji. Mshukiwa mwingine ni buibui, ambaye wenyeji wakienda msibani Urambo hutanda utando ndani ya mrija wa kuchanganyia hewa, tena bila kodi.

Dawa yake ni kufunga mtungi, kuacha jiko lipoe, kuloweka kofia ya kichomeo katika maji ya moto yenye sabuni, kuizibua tundu kwa tundu kwa sindano, kisha kuikausha na kuirudisha ikae sawasawa, kwani ikikaa upande, ugali huungua nusu ukabaki mbichi nusu, na mtani akiuonja, habari hufika Ipuli kabla ya magharibi.

Mpira unaotoa gesi mtungini hadi jikoni nao hupakwa povu la sabuni, na viputo vikichomoza, gesi inavuja. Wapo wanaopima kwa kiberiti, njia inayotoa jibu upesi kuliko linavyohitajika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, na kwa kuwa kwa asili haina harufu, hutiwa uvundo makusudi ili watu washtuke. Lakini baadhi ya nyumba, zikiusikia, huanza kusogeza makabati kumtafuta panya aliyekufa.