Sikukuu ya Kuketi Bure

Harold Pullman Coffin, mwandishi wa safu za magazeti huko Marekani, alipoona kwamba kalenda ya taifa lake imefurika maadhimisho, alitoa rai mwaka 1972 kwamba tarehe 16 Januari iwe siku ya kuketi tu, pasipo kuadhimisha wala kutukuza chochote. Na dawa hiyo ya wingi wa sikukuu ikawa, kwa kudura ya Mola, sikukuu moja zaidi. Namna ya kuisherehekea ni sahali mno: anayeikumbuka ameshaivunja, na aliyeisahau ndiye peke yake aliyeitimiza faradhi yake. Hata hivyo nawajua mabwana wakubwa wa maofisini ambao, bila ya kupata kumsikia Coffin, huiadhimisha kwa ikhlasi kila siku ya kazi, tena kwa mshahara.