Namna ya Kumharibia Mvamizi Siku kwa Biti Moja

Lengo la mwongozo huu ni kumlaza mvamizi wa kompyuta yako na njaa. Silaha ni biti moja tu, na uliilipia siku uliponunua kichakataji.

Kwanza jua alivyonenepa. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulianza kusambaa kwenye mtandao wa Marekani. Kompyuta za VAX ziliendesha programu ya fingerd, iliyotenga baiti 512 za kupokea maneno bila kuhesabu yanayoingia. Mnyoo ukatuma baiti 536. Zilizofurika zikafuta anwani ya kurudia na kuweka nyingine, iliyoelekea kwenye staki, ndani ya ujumbe ule ule, ambako maagizo yalishapangwa. Kichakataji kikayatekeleza kwa utiifu wote, kama tarishi anayefungua kila barua na kufanya inachosema.

Kichakataji hakikuwa na kosa, maana hakuna aliyekipa njia ya kukataa. Hata miaka mingi baadaye, katika familia ya x86 ya biti 32, jedwali la kurasa lilikuwa na biti ya kuruhusu kuandika na biti ya kuruhusu programu za kawaida kuingia. Ya kukataza utekelezaji haikuwepo. Kila ukurasa uliosomeka ulitekelezeka. AMD ndiyo iliyoziba pengo hilo mwaka 2003, katika vichakataji vyake vya biti 64: biti ya 63 ya kila ingizo la jedwali ikaitwa NX. Intel ikafuata mwaka 2004, ikaiita XD. Biti hiyo ikiwashwa, kichakataji hakichukui agizo lolote kutoka ukurasa huo. Kikilazimishwa, kinapiga kelele, na keneli inaiua programu papo hapo. Mvamizi aliyekuja kutafuta kompyuta anaondoka na maiti ya programu.

Basi fungua /proc/cpuinfo kwenye Linux utafute nx. Usipoiona, ingia BIOS. Huenda kuna mtu aliizima. Kama keneli yako ni ya biti 32, hakikisha inatumia PAE, kwa sababu ingizo la zamani lina biti 32 tu, na ya 63 haina pa kukaa.

Kisha shika amri kuu: ukurasa unaoandikika usitekelezeke, na unaotekelezeka usiandikike. Mfumo wa OpenBSD ulianza kuifuata katika toleo la 3.3, Mei 2003, na baadaye kwa i386 (x86 ya biti 32), isiyokuwa na biti ya NX, ukatumia mipaka ya segimenti. Nawaheshimu sana watengenezaji wake kwa kutosubiri. Ukikutana na programu kongwe inayodai vyote viwili, usiizimie ulinzi. Ifukuze.

Usisahau keneli yenyewe, maana humo ndimo wengi hulegea. Zamani mvamizi aliyepotosha anwani moja ya keneli aliielekeza kwenye ukurasa wake mwenyewe, na msimbo wake ukaendeshwa kwa mamlaka yote ya mfumo. SMEP, inayoikataza keneli kutekeleza kurasa za programu za kawaida, iliyoletwa na Intel Ivy Bridge mwaka 2012, imeufunga mlango huo. Iache iwake, pamoja na chaguo la Linux la CONFIG_STRICT_KERNEL_RWX, linaloishikisha keneli amri kuu ile ile.

Atarudi, usidanganyike. Mwaka 1997 Solar Designer alionyesha kuwa mvamizi anaweza kurukia msimbo halali wa libc bila kuleta wake, na mwaka 2007 Hovav Shacham akaonyesha jinsi ya kuunganisha vipande vya msimbo halali kuwa programu nzima. Ndiyo maana anwani nazo lazima zichanganywe kwa ASLR. Mwache atokwe jasho akizitafuta.

Leo usiku endesha readelf -lW kwa kila programu uliyoijenga, utazame mstari wa GNU_STACK. Ukiona RWE badala ya RW (E ni ruhusa ya kutekeleza), kagua mafaili ya asembli: faili moja tu lisilo na sehemu ya .note.GNU-stack linaweza kuifanya staki nzima itekelezeke. Iongeze, jenga upya, pima tena mpaka E iondoke.