Koti la Theluji Soweto East
Swali la kama The North Face, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1966 na kujiita kwa jina la ubavu wa kaskazini wa mlima, ulio baridi zaidi katika nusu ya kaskazini ya dunia, inastahili sifa inazopewa na watelezaji wa skii, yaani mbao ndefu za kutelezea thelujini, lingefaa kuamuliwa Soweto East, Kibera, ambako koti lake, lililochambuliwa kutoka robota la mitumba sokoni Toi, humkinga mwendesha bodaboda na upepo wa Julai. Mteremko wa karibu ni wa matope. Na kwa kuwa Nairobi ipo kusini kidogo mwa ikweta, ubavu wa kaskazini ndio unaoota jua zaidi, na jina hilo likawa kosa ambalo lebo, hata ile iliyoshonwa kwa cherehani ya mtaani, haijathubutu kulisahihisha.