Maji Yalirudi Saa Tisa Usiku

Bibi, ndivyo sote tunavyomwita mama yangu tangu watoto wazaliwe, ana magoti mabaya, na chumba chake hapa Tabata kilikuwa na sakafu ya niru iliyochoka. Unafagia asubuhi, mchana vumbi la saruji limerudi. Vigae alivikataa kwa sababu vinateleza vikilowa. Tukakubaliana lamineti, na tukakubaliana tuiweke wenyewe: mimi, mke wangu na mdogo wake ambaye ni seremala.

Chumba ni mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Unaongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa. Mke wangu alishikilia hiyo asilimia 10 pale Kariakoo muuzaji alipotuambia hatutaihitaji, na Mungu ambariki.

Lamineti si mbao ya mti. Ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na joto, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, kisha tabaka gumu la melamini. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ndiyo iliyoibuni mwaka 1977. Uso wake unastahimili miguu ya viti kwa miaka, lakini tumbo lake linakunywa maji kama chapati inavyokunywa mchuzi. Dar es Salaam, ambako hata hewa ina maji, hilo ndilo la kuheshimu kabla ya msumeno.

Shemeji alifika akitaka kuanza papo hapo. Nikamwomba tuache boksi zilale chumbani saa 48, ubao uzoee hewa ya humo.

"Shemeji, ubao nao unakaribishwa kama mgeni?"

"Karibu yake ni hiyo. Ukiubana leo, kesho unavimba."

Wakati huo tulibandika kipande cha nailoni angavu sakafuni, selotepu pande zote nne. Kesho yake kilikuwa na matone kwa ndani, na saruji chini yake imegeuka nyeusi. Zege letu lilimwagwa juu ya kifusi bila nailoni, na nje ya dirisha bomba la maji machafu lilikuwa linavuja taratibu. Shemeji akafukua, akabadilisha kiungo. Tukasubiri hadi nailoni ikatoka kavu. Kusubiri huko ndiko kulikomchosha kila mtu, Bibi akilala sebuleni, na bado nasema ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kuziba mabonde yaliyozidi milimita 3, kutandika nailoni nzito na sponji juu yake, hayo yalikwenda haraka.

Tulianzia ukuta wa dirisha, tukiacha nafasi ya milimita 10 kwa kabari ili sakafu ipate pa kutanukia. Ulimi unaingizwa kwa mshazari, unashusha ubao, unasikia "tak". Hakuna gundi, hakuna msumari. Kwenye fremu ya mlango Shemeji alinifurahisha. Badala ya kuuchonga ubao ufuate kona za fremu, alilaza kipande cha lamineti juu ya sponji, akalaza msumeno juu yake, akakata mguu wa fremu kwa unene uleule. Ubao ukapita chini yake bila pengo kuonekana.

Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, na bomba la bafuni lilibaki wazi, kama linavyobaki katika nyumba nyingi mjini maji yakikatika. Yalirudi saa tisa usiku.

"Jamani, amkeni, tunaogelea!" Sauti ya Bibi.

Korido ilikuwa imejaa, na maji yameshaingia chumbani kwa kupitia mlangoni. Kanga, mashuka, madekio, kila kitu kilishuka chini. Mke wangu akasema tusifute juu tu, tufungue. Nailoni iliyozuia unyevu wa ardhini ilikuwa sasa inashikilia maji hayo yasipate pa kwenda. Kwa bahati mlangoni ndiko tulikomalizia, na skatingi zilikuwa hazijapigiliwa. Tukazichomoa safu za mwisho moja baada ya nyingine hadi tukafika pakavu, tukakunja sponji, tukaikamua uani, tukawasha feni.

Mbao zilizovimba kingo hazirudi zilivyokuwa, hizo tulizitupa. Zile za asilimia 10 zikachukua nafasi zao. Skatingi zikapigiliwa ukutani, si sakafuni, ili sakafu ibaki huru.

Bibi amekubali kudeki kwa kitambaa kilichokamuliwa, ingawa anasema haoni kama chumba kimeoshwa. Shemeji sasa anataka tuweke na jikoni. Nimemkatalia. Jikoni kutabaki saruji, na sebule tutaigusa baada ya masika, nailoni ikishatuambia.