Shemeji na Volti Zake

Kila ukoo una mtu anayeamini hakuna shida isiyotibika kwa kuongeza. Mchuzi umepooza, ongeza chumvi; spika inakoroma, ongeza sauti. Kwetu mtu huyo ni shemeji. Alipoiona mashua yangu ya rimoti ikisuasua ufukweni Msasani, dawa alikuwa nayo mdomoni: "Ongeza betri, shemeji."

Mashua yenyewe ni ya mbio, nyembamba, urefu wa sentimita 60. Betri yake ni lipo ya seli tatu: kila seli volti 3.7, jumla 11.1, na uzito haufiki nusu kilo. Shemeji aliipima kiganjani kwa dharau, kama mkwe aliyeletewa mahari ya sarafu. Kesho yake akaja na betri ya risasi aliyoichomoa kwenye UPS ya ofisini kwao: volti 12, uzito zaidi ya kilo mbili. Nikamweleza kwamba kila kilo inayoingia ndani, mashua hudaiwa kusukuma lita nzima ya maji ndipo ielee. Akanijibu kwamba meli za Zanzibar hubeba malori. Tukaiweka majini. Ikashuka taratibu, kwa heshima zote, ikabaki antena.

Tukaiopoa, tukaisuuza kwa maji baridi, maana chumvi haina huruma na beringi. Shemeji akahamia kwenye mota. Akasoma ubavuni "2000 kV", akarudi nyuma hatua mbili na kuwafukuza watoto wote ufukweni, akipiga kelele kwamba hata gridi ya taifa haifiki huko. Ilibidi nimtulize: kwenye mota hizi namba hiyo huhesabu mizunguko kwa dakika kwa kila volti, ikiwa haina mzigo. Zidisha kwa 11.1, unapata mizunguko 22,200. Hofu ikamtoka, tamaa ikamwingia. Kama inazunguka hivyo, akasema, basi ipewe rafadha kubwa.

Akaifunga mwenyewe. Rafadha kubwa hukamata maji mengi, mota ikaelemewa, ikavuta ampea nyingi kuliko kidhibiti mwendo kinavyoweza kuhimili. Mashua ilikwenda mita chache kwa fahari, kisha ikaanza kufuka moshi. Watoto walishangilia wakidhani ni ya mvuke.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu bila kututazama, ndiye aliyetoa hukumu: "Wanangu, mashine ya mbio ipeni rafadha ndogo. Kubwa ni ya mashine ya kuvuta, iende polepole." Hajawahi kushika rimoti, lakini injini za mashua anazijua. Kisha akauliza, "Hicho chombo hakiwezi kunipelekea ndoano kule mbele?"

Tukaunda chombo cha pili, kipana cha tumbo, mota ya kV ndogo, rafadha kubwa. Na hapo ndipo, kwa uchungu wangu mkubwa, betri ya UPS ilipofaa: uzito wake ukikaa chini kabisa, chombo hakiyumbi ovyo kwenye mawimbi.

Sasa mzee akipata changu wawili, mmoja hutuletea sisi. Shemeji humchukua, akisema ni kodi ya betri. Huko ofisini kwao, umeme ukikatika kompyuta huzimika papo hapo, naye ndiye aliyeteuliwa kuchunguza sababu.